Viini 28 Vilivyoshindwa na Viini 6: Kisa cha Studio ya Video za Harusi

Mazingira

Studio ya kisa hiki iko Dar es Salaam. Jina lake, mtaa na wahusika nimeviacha kando kwa makubaliano na mwenye mali, na muda wa kila jaribio nimeuandika kwa namba za mviringo. Mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Ni studio ndogo, wahariri watatu, na mlo wao mkuu ni harusi. Harusi ya Dar haiishi kwa siku moja: kuna kitchen party, kuna send-off, kuna kanisani au msikitini, halafu ukumbini mpaka usiku wa manane. Kamera nne zinazunguka. Mwisho wa yote familia inataka filamu ya saa mbili na kipande cha dakika tatu cha kurusha WhatsApp, na inavitaka jana. Nje ya msimu wanafanya matangazo ya maduka, na mhariri mmoja kijana amejifunza Blender, programu ya katuni za 3D, kwa hiyo nembo zinazozunguka na utangulizi wa katuni ni kazi yake.

Kwa miaka kadhaa kazi hizi zilibebwa na kompyuta moja yenye prosesa ya Core i7-8700: viini sita (kore, kama wengi tunavyozoea kusema, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake), nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja, miwili kwa kila kiini), kasi inayofika 4.6 GHz, RAM ya GB 16. Filamu ya saa mbili ilikuwa ikirenda, yaani kutolewa na kompyuta kama faili lililokamilika, kwa dakika 80. Msimu ukichachamaa, dakika 80 mara harusi nne kwa wiki, pamoja na kurudia kila familia inapoomba shangazi aongezwe au wimbo ubadilishwe, foleni inakuwa ndefu.

Mwenye studio akanunua mashine ya pili, iliyotumika, kati ya zile zinazostaafishwa na makampuni ya nje na kuishia kwenye maduka yetu. Ilikuwa mnyama kweli: prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 kwenye bodi moja, kila moja na viini 14, jumla 28, nyuzi 56. Hesabu aliyoipiga pale dukani ilikuwa nyepesi. Sita kwenda ishirini na nane ni karibu mara tano, basi filamu ya dakika 80 itatoka kwa dakika 17. Muuzaji naye hakumpinga.

Filamu ya kwanza ilirenda kwa dakika 150.

Malalamiko yalivyofika

“Fundi, nimeuziwa boksi tupu?” Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na alikuwa na haki ya kuuliza. Dukani alipewa siku chache za kurudisha mzigo, kwa hiyo tulikubaliana kuanza na vifaa hata kama mimi nilishahisi ugonjwa uko kwenye programu. Kama mashine ni mbovu irudi dukani, na kama ni nzima tujue hivyo mapema.

Alinionyesha Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyotumika, wakati filamu inarenda. Matumizi ya prosesa: asilimia 9. “Ona, haifanyi kazi. Imekaa tu.”

Asilimia hiyo ndiyo inayowapoteza wengi, na inafaa kuisimamia kidogo. Namba ile ni wastani wa nyuzi zote. Kwenye mashine ya nyuzi 56, uzi mmoja ukikimbia kwa nguvu zake zote unachangia chini ya asilimia 2. Kazi inaweza kuwa imebanwa kabisa, imefika mwisho wa uwezo wake, huku namba ya juu ikikuambia mashine imelala. Nilibadilisha mchoro uonyeshe kila uzi kivyake. Vikatokea visanduku vidogo vingi, karibu vyote na mstari uliolala chini, na viwili vitatu vikipanda na kushuka kwa zamu: hiki kinajaa, kinapoa, cha pembeni yake kinajaa. Hiyo ni sura ya kazi moja isiyogawanyika ambayo Windows inaihamisha kutoka kiini hiki kwenda kile. Visanduku vingekuwa vyote vimejaa nusu, ningewaza mengine.

Na visanduku vyenyewe vilikuwa 28. Vingepaswa kuwa 56.

Uchunguzi wa vifaa

Idadi hiyo pungufu ilijieleza haraka. Muuzaji alikuwa ameweka Windows 10 Home, na toleo la Home linatambua soketi moja tu ya prosesa, yaani prosesa moja kwenye bodi. Prosesa ya pili ilikuwa imefungwa kwenye bodi, inapata umeme, feni inazunguka, lakini hakuna kazi hata moja iliyoweza kutumwa kwake. Toleo la Pro linakubali soketi mbili. Tukaweka Pro, visanduku vikawa 56, tukarenda filamu ileile.

Dakika 147.

Mwenye studio alikunja uso. Nusu ya mashine ilikuwa imerudi kutoka kuzimu na faida yake ilikuwa dakika tatu. Kwangu mimi jaribio hilo lilikuwa na thamani kuliko yote ya siku ile, kwa sababu lilifunga mjadala: kama kuongeza viini 14 hakubadilishi kitu, basi kinachosubiriwa si viini.

Tukafungua boksi. Ndani kulikuwa na vijiti viwili vya RAM, GB 16 kila kimoja, kimoja kwa kila prosesa. Xeon za kizazi hiki zina njia nne za kumbukumbu kwa kila prosesa. RAM ya DDR4-2400 hupitisha hadi GB 19.2 kwa sekunde kwenye njia moja, na njia zote nne zikijazwa zinafika GB 76.8. Yaani kila prosesa ya viini 14 ilikuwa ikilishwa kwa robo ya kile ilichoundwa kulishwa. Tulivibadilisha vijiti hivyo kwa vinane vya GB 8. Jumla ikawa GB 64, lakini faida niliyoitaka ilikuwa ni njia kufunguka zote. Filamu ikashuka hadi dakika 128.

Picha ghafi za kamera zilikuwa kwenye hadi diski (hard disk) ya kawaida, ileile iliyokuwa ikipokea filamu inayotoka. Kusoma na kuandika kwa pamoja kunaifanya sindano ya diski irukeruke badala ya kuteleza. Tukahamishia picha ghafi kwenye SSD, diski isiyo na sindano wala sehemu inayozunguka. Dakika 120.

Hapo vifaa vikawa vimeisha. Hakikubaki kitu cha kurudisha dukani, na mashine mpya bado ilikuwa nyuma ya ile kuukuu kwa dakika 40.

Mshono uko wapi

Tulichukua dakika moja ya filamu, sehemu ya ukumbini, tukairenda kwenye mashine zote mbili, mara ya kwanza ikiwa na vikolezo (effects) vyote na mara ya pili tukizima kimoja kimoja. Kwenye mashine mpya, hata baada ya matengenezo yote, dakika ile moja ilichukua sekunde 60. Tulipozima kichujio cha kusafisha chembe za giza ikashuka hadi sekunde 20. Kwenye ile ya zamani: sekunde 40 kikiwepo, 17 kikizimwa. Rangi, maandishi, mipito ya picha, vyote vilizimwa na kuwashwa bila tofauti ya maana. Mwizi alikuwa mmoja.

Kichujio hiki wahariri wa harusi wanakipenda na wana sababu. Ukumbi una taa za rangi na giza, kamera inapandisha hisia yake ya mwanga, na picha inajaa chembe zinazochemka ukutani. Kichujio kinazituliza kwa kulinganisha kila fremu na ile iliyotangulia: kilichobadilika kidogo sana kinahesabiwa chembe, kinafutwa. Ila hakilinganishi na fremu ghafi iliyotangulia. Kinalinganisha na fremu iliyotangulia *ikiwa tayari imesafishwa*. Fremu ya 101 inasubiri jibu la fremu ya 100, nayo ilisubiri la 99. Huo ni mnyororo, na mnyororo haugawiki kwa viini. Wahariri walikuwa wamekiweka kama tabaka moja juu ya filamu nzima, toka bibi harusi anapakwa hina hadi keki inakatwa, fremu 180,000 kwenye foleni moja.

Linganisha na upande wa pili wa kazi, yaani kuisonga picha (kuibana iwe faili dogo) katika H.264, muundo wa kawaida wa video. Nako fremu zinategemeana, kwa kuwa nyingi zinahifadhi tofauti tu na jirani zake. Lakini programu kama x264, inayofanya kazi hiyo ya kusonga, imetafuta pa kukata: fremu inayofuata haisubiri iliyotangulia imalizike, inaanza mara tu iliyotangulia ikishatangulia mistari ya kutosha kuelekea chini, na hivyo fremu kadhaa hutengenezwa kwa wakati mmoja, kila moja ikiifuata mwenzake kwa hatua chache nyuma. Utegemezi uleule, ila mtu alikaa akatafuta mshono. Kwenye kichujio chetu hakuna aliyeutafuta.

Upikaji wa pilau la shughuli unafanana na haya: watu kumi wakimenya vitunguu kazi inaisha mara kumi upesi, lakini mchele ukishaingia sufuriani kumi hao wanakaa kusubiri na yule mmoja.

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alitoa hoja inayoweka jambo hili katika hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kupigwa hapa kwa sababu inaeleza kwa nini mashine mpya haikuishia kuwa sawa na ya zamani, bali ilishindwa. Chukua, kwa mfano tu, kazi ambayo asilimia 30 yake haigawanyiki. Viini sita vitaiharakisha mara 2.4. Viini 28 vitaiharakisha mara 3.1, na hata ukileta viini elfu moja hutafika mara 3.4. Kwa hiyo kutoka sita kwenda 28 umepata nyongeza ndogo. Sasa weka kasi ya kiini kimojakimoja. Xeon hii mwisho wake ni 3.3 GHz, i7 ile inafika 4.6. Kila kiini cha mashine mpya kina takriban asilimia 72 ya mwendo wa kiini cha zamani, na 3.1 mara 0.72 ni 2.2. Mara 2.2 dhidi ya mara 2.4: kubwa imeshapitwa kwenye karatasi, kabla hujagusa RAM wala diski. Kama sehemu isiyogawanyika ingekuwa asilimia 20, zingekaribia kulingana. Chini ya hapo ndipo viini vingi vinaanza kurudisha pesa yake.

Kulikuwa na pigo moja zaidi ambalo halionekani kwenye GHz. Ndani ya i7-8700 kuna sehemu ya picha yenye Quick Sync, sakiti ambayo Intel ilianza kuiweka mwaka 2011 kwa ajili ya kusonga na kufungua video peke yake. Xeon E5 hazina sehemu ya picha kabisa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na sakiti maalumu kwenye mashine ya zamani, kwenye mpya ilifanywa na viini vya kawaida, na kadi ya picha iliyokuja na boksi ilitosha kuwasha kioo tu.

Wanunuzi wengi bado wanapima prosesa kwa macho ya zamani, enzi ambazo mashine mpya ilikuwa na GHz nyingi zaidi na kila programu ilifaidi bila kubadilishwa herufi. Enzi hiyo iligonga ukuta wa joto. Prosesa ya Intel ya Pentium 4 ilifika 3.8 GHz mwaka 2004, na mwaka huohuo toleo la 4 GHz lilifutwa. IBM ilikuwa imeshatoa prosesa ya POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001, na mwaka 2005 Intel na AMD zote zilileta viini viwili kwenye kompyuta za mezani. Tangu hapo ongezeko kubwa linakuja kwa idadi, na idadi haimsaidii ambaye programu yake haijaandikwa kugawana.

Maamuzi

Mezani kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza, kurudisha mashine. Mwenye studio ndiye aliyeitaka. Nilimwomba kwanza arende katuni moja ya Blender, tangazo la sekunde 10, fremu 250, ambalo kwenye mashine ya zamani lilikuwa likilala usiku kucha, saa 10 hivi. Mashine mpya ilimaliza kwa saa nne. Kwenye Blender kila kipande cha picha kinapigiwa hesabu bila kumsubiri jirani, na visanduku vyote 56 vilijaa hadi juu, kila kimoja. Kijana wa katuni alisimama nyuma yetu akitazama, kisha akatamka kwamba hii mashine ikirudi dukani na yeye arudishwe. Wazo la kurudisha likafa pale.

Ya pili, kununua kadi kubwa ya picha. Ingesaidia kusonga video, ndiyo. Lakini ule mnyororo usingeguswa, kwa sababu kichujio chao kilikuwa cha aina inayotumia prosesa peke yake, na mnyororo huo ndio uliokuwa ukila sekunde 40 kati ya 60. Tuliiweka pembeni, hasa baada ya kuona bei.

Ya tatu ilikuwa kukata kazi upya, na ndiyo tuliyoichukua. Mnyororo wa kichujio unaunganisha fremu za picha moja inayoendelea. Haukuwa na sababu yoyote ya kuunganisha klipu ya kamera ya kwanza na ya kamera ya tatu, wala hotuba ya baba na densi ya maharusi; uliunganisha kwa sababu tu kichujio kiliwekwa mwishoni, juu ya filamu iliyokwisha kushonwa. Ukikiweka mwanzoni, kwenye klipu ghafi kabla ya uhariri, unapata makumi ya minyororo mifupi isiyojuana. Kila mmoja bado ni mnyororo ndani yake, na unakwenda kwa mwendo wa kiini kimoja. Lakini viini viko 28.

Tuliandika skripti fupi inayotumia FFmpeg, programu ya bure ya kuchakata video, na kichujio chake cha hqdn3d, ambacho nacho husafisha kwa kutazama nyuma. Inachukua klipu zote za folda, inaendesha kadhaa kwa pamoja, na kutoa kila moja katika ProRes, muundo wa video wa kuhariria. Uamuzi wa ProRes ulikuwa na sababu yake: humo kila fremu inajitegemea, kwa hiyo hata wakati wa kuhariri viini vinaweza kufungua fremu tofauti bila kusubiriana, na kusogeza sogeza picha mbele na nyuma kunakuwa kwepesi.

Swali lililobaki ni klipu ngapi kwa wakati mmoja. Mwenye studio alitaka 28, klipu moja kwa kila kiini, na tukamwachia ajaribu, kila kitu kikiwa kwenye hadi diski moja. Klipu za jumla ya saa nane zilichukua saa tano, na diski ilikuwa ikilia kama mashine ya kusaga. Tulipoweka picha ghafi kwenye SSD, tukaandika matokeo kwenye hadi diski, na kushuka hadi klipu 12, zilichukua saa moja na nusu. Klipu moja moja kwa foleni zingechukua karibu saba.

Hizo 12 zenyewe tulizigawa sita kwa sita. Bodi ya prosesa mbili ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja: kila prosesa ina RAM yake ya karibu, na kuifikia RAM ya upande wa pili kunapita kwenye kiungo kati yao na kunachelewesha. Kazi ikianzia upande huu kisha Windows ikaihamishia upande ule, data yake inabaki nyuma. Amri ya start ya Windows ina kigezo /NODE kinachofunga kazi kwenye upande mmoja. Sita zikafungwa kwenye 0, sita kwenye 1. Nafuu yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa ya bure.

Kurenda filamu ya mwisho kulirudi kwenye mashine ya zamani, yenye Quick Sync, ikisoma klipu safi kupitia waya wa gigabiti.

Matokeo

Sasa timu ikirudi kutoka ukumbini saa nane za usiku, mmoja anamimina kadi za kamera kwenye SSD, anawasha skripti, wanakwenda kulala. Adhana ya alfajiri inakuta klipu zimekwisha. Filamu ya saa mbili, isiyo na kichujio juu yake tena, inarenda kwa dakika 35 badala ya 80. Familia ikiomba marekebisho, ni dakika 35 tena. Kazi ya kusafisha hairudiwi. Na wakati ile ya zamani inarenda, ile kubwa iko huru kwa Blender.

Kuna yaliyoumiza. ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 25 inakula karibu GB 55 kwa kila saa ya picha. Klipu za saa nane ni GB 440, harusi moja, na mwezi wa kwanza hadi diski ya TB 4 ilijaa kabla msimu haujafika katikati. Wakabadilisha utaratibu: klipu za mchana, kanisani na bustanini, hazipitii kichujio kabisa maana hazina chembe za kusafisha, na klipu za ProRes hufutwa familia ikishasaini kupokea filamu. Picha ghafi ndizo zinazohifadhiwa.

Umeme nao ulijieleza. Kila Xeon hapa imepangiwa wati 120 kwa makadirio ya mtengenezaji, mbili ni 240, dhidi ya 65 za i7. UPS ya zamani ilianza kupiga kelele katuni ya kwanza ilipowashwa usiku, na ikabidi inunuliwe kubwa. Uniti za LUKU zinaisha mapema kuliko zamani. Chumba kinapata joto kiasi kwamba mlango haufungwi.

Uchambuzi

Kati ya matengenezo ya vifaa, lililolipa zaidi lilikuwa RAM. Kujaza njia za kumbukumbu kulileta dakika 19, kuliko kuamka kwa prosesa nzima ya pili. Mashine nyingi za aina hii zinauzwa na vijiti viwili tu ili tangazo liseme “GB 32” kwa bei ndogo, na mnunuzi anasoma GB bila kuuliza ni vijiti vingapi. Windows Pro haikuponya lalamiko la mwanzo hata kidogo, lakini bila hiyo skripti ya klipu 12 ingebanana kwenye viini 14, na katuni ya Blender ingekosa nusu ya nguvu. Ni matengenezo ya lazima yaliyoonekana bure kwa sababu yalipimwa kwa kazi isiyo yake.

Jaribio la kuzima vikolezo kimoja kimoja kwa dakika moja ya filamu lilikula muda mfupi kuliko yote na likatoa jibu. Sioni sababu ya mtu kununua prosesa ya kazi yoyote nzito bila kulifanya kwanza kwenye mashine aliyonayo: renda kipande, tazama nyuzi moja moja, zima kitu, renda tena. Kama visanduku vyote vimejaa, viini zaidi vitasaidia. Kama vinajaa viwili vitatu kwa zamu, tafuta prosesa yenye kiini chenye kasi, hata kama vyake ni vichache.

Skripti nayo ina kasoro ambayo wahariri waliiona kabla yangu. Kichujio kinachotazama nyuma hakina cha kutazama kwenye fremu ya kwanza ya klipu, kwa hiyo fremu chache za mwanzo zinabaki na chembe hadi kitulie. Kwa harusi haidhuru, maana hakuna mhariri anayetumia klipu tangu fremu ya kwanza. Kamera inakuwa bado inayumba. Lakini hilo ndilo lililonizuia kukubali wazo la kijana wa katuni la kukata klipu ndefu vipande vinne ili zikimbie zaidi. Mshono ungeonekana katikati ya hotuba: ukuta unachemka ghafla, kisha unatulia. Mipaka ya klipu ilikuwa mahali salama pa kukata kwa sababu pale picha yenyewe imekatika.

Tofauti kati ya kumaliza kazi moja upesi na kumaliza nyingi kwa usiku mmoja ndiyo iliyomponza mwenye studio dukani. Alinunua mashine ya wingi akiipima kwa kazi moja. John Gustafson, mwanasayansi wa kompyuta, alilijibu fumbo la Amdahl mwaka 1988 kwa kugeuza swali: watu wakipata mashine kubwa hawaipi kazi ileile ya jana, wanaipa kubwa zaidi, na sehemu inayogawanyika ndiyo inayokua. Studio ilifanya hivyo bila kumjua Gustafson. Zamani walisafisha chembe kwenye vipande walivyoviweka ndani ya filamu tu. Sasa wanasafisha kila klipu ya usiku ya kamera zote nne, zikiwemo ambazo hazitatumika, kwa sababu hakuna anayezisubiri.

Kuhusu idadi ya kazi kwa pamoja, 12 si namba ya kunakili. Hapa hadi diski ndiyo iliyoweka kikomo, na hata kwa klipu 12 viini havikujaa. Mwenye NVMe (SSD ya kasi zaidi) ya kuandikia angeweza kupanda juu zaidi. Mwenye diski moja tu asithubutu hata nne.

Msimu huu familia mbili zimeomba 4K. ProRes 422 ya ukubwa huo, kwa fremu 25, ni karibu GB 220 kwa saa, na mwenye studio amekwenda kuulizia bei za diski. Ya prosesa hajaiulizia.